Hodi Juu ya Migomba

Kwanza nikiri: kati ya wapiga video wote wa Karagwe na Kyerwa, mtu wa kwanza kupiga kelele dhidi ya leseni za droni nilikuwa mimi. Tuliposikia kwamba kila anayerusha, awe wa biashara au wa kujifurahisha, lazima asajili chombo chake, aombe kibali na asomee leseni, nilisimama mbele ya wenzangu pale Bugene nikasema, thubutu! Mimi napiga picha za harusi na kipaimara, kwani nabeba abiria? Wenzangu wakanipigia makofi. Nina mdomo, hilo nalijua, na mke wangu hunikumbusha kila wiki.

Kwa asiyejua kwetu, nyumba haikai barabarani. Inakaa katikati ya kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka pande zote, na ukipita njiani unaona majani tu. Unaingia kwa kijia, na kabla hujafika uani unapiga hodi. Usipojibiwa, unasimama hapo hapo. Hata mwenye nyumba akirudi hukohoa kidogo ili wa ndani wajue. Migomba ndiyo ukuta wetu. Na bafu la wengi, nyuma ya nyumba, ni uzio wa matete usio na paa, maana tangu lini mgeni akaja kutoka juu?

Jambo lingine ni la mtu na mama mkwe wake. Mimi na mama mkwe wangu wa Kanoni hatupeani mkono, hatuangaliani usoni, hatukai mkeka mmoja. Nikifika napiga hodi, yeye anajibu kutoka ndani, mimi natoa shikamoo kwa ukuta na marahaba inanirudia kupitia ukuta huo huo. Wala si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Na ile karibu yake ya kumkaribisha mgeni nilikuwa naipenda. Aliivuta mwisho, ndefu, kama mtu aliyekuwa anakusubiri tangu asubuhi.

Sasa shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mke wangu, akapata mchumba. Nikasema video ya harusi hiyo ni zawadi yangu, na itaanza kwa picha ambayo Kanoni haijawahi kuona: kibanja chote kutoka angani, halafu kamera inashuka taratibu mpaka nyumba inachomoza katikati ya migomba. Asubuhi ya siku hiyo, kabla wageni hawajaanza kufika, nilisimama kwenye uwanja wa shule ng'ambo ya bonde, rimoti mkononi, simu ya kuonea picha imewashwa. Watu walikuwa wamenizunguka wakitazama chombo kikipaa, nami nikajidai kidogo.

Droni ikashuka. Bati likaonekana, moshi wa jikoni ukaonekana, kisha ule uzio wa matete, na ndani yake mama mkwe wangu anaoga, ajiandae kumtoa binti yake. Aliinua uso. Alikuwa na povu la sabuni kichwani na hakuwa na pa kukimbilia. Sitasema zaidi ya hapo.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.  Tangu kuona mpaka kukiondoa chombo zilipita sekunde tatu au nne, na mpaka leo nazijua moja moja. Nikakirudisha, nikafuta picha zote, hata zile nzuri, nikawaambia waliokuwepo kwamba betri inasumbua. Sherehe nzima niliipiga kwa kamera ya mkononi, nikijipa moyo kwamba hakuna aliyejua ule mdude ulikuwa wa nani. Aah, wapi! Siku ile Kanoni nzima mwenye droni alikuwa mmoja tu, na alikuwa mkwe wake.

Tuliporudi nyumbani Bugene, mke wangu hakugomba, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Mama anasema umemwona."

"Sikuona kitu. Kilikuwa mbali."

"Umeona, hukuona?"

"Nimeona."

Akavuta kanga yake akajifunika uso, akakaa hivyo muda mrefu. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya chumba na koti langu la harusi, sijui nikae au nitoke.

Tangu siku ile, nikipiga hodi Kanoni anajibu mtu mwingine, au kimya. Mke wangu aliniambia mengine kidogo kidogo, maana hakutaka kuniumiza na pia hakutaka nisahau. Mama yake hakuoga tena nje. Alikuwa anaogea chumbani, kwenye beseni, mlango umefungwa, kama mgonjwa. Na kila aliposikia mngurumo, hata wa mashine ya kukoboa kahawa ng'ambo ya bonde, alisimama na kutazama juu. Mama mzima, mwenye wajukuu, anaogopa anga la nyumbani kwake kwa sababu yangu! Niliona aibu, kisha nikaona hasira, na wa kukasirikiwa nilikuwa mimi mwenyewe.

Nikakata shauri. Piga ua, ile karibu nitairudisha. Kumwomba msamaha kwa mdomo wangu sikuweza, maana ningeanzaje? Ningelitaja jambo lenyewe mbele yake? Kwa hiyo nikashika njia niliyoiona: droni nikaifungia sandukuni, nikaanza kuisaka ile leseni niliyoitukana hadharani, aone kwamba nimejirekebisha.

Sitadanganya, inachosha. Fomu zilirudi mara mbili. Ukisema unatoka wilaya inayopakana na nchi nyingine, maswali yanaongezeka, na wana haki ya kuuliza. Nikasoma upepo, nikasoma urefu unaoruhusiwa, nikasoma kwamba watu walio chini hawarushiwi chombo vichwani ovyo. Hapo nilifunga daftari nikatoka nje kutembea. Laiti ningeusoma ukurasa ule kabla ya harusi! Mwisho wa yote nikafaulu, karatasi ikafika, nikaiwekea plastiki nikawa natembea nayo mfuko wa shati.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Kanoni. Mke wangu akaingia nayo ndani, mimi nikasimama pale kijia kinapoishia, nikijiambia leo yameisha. Haukupita muda akatoka na karatasi yangu mkononi.

"Mama ameitazama. Anauliza, humu ndani ni wapi yeye alipoulizwa?"

Nilikasirika, kwa nini nifiche? Miezi yote ile! Nikasema maneno mawili matatu ambayo mke wangu alijifanya hakuyasikia. Lakini tukiwa juu ya bodaboda kurudi Bugene nililigeuza swali lile huku na huku. Nilikuwa nimekwenda mbali sana kuomba ruhusa kwa watu ambao hawaogi Kanoni.

Wiki chache baadaye wilayani wakatwambia sisi warusha droni tukusanye maoni yetu kuhusu kanuni za droni, tuyaandike, yapelekwe mbele. Tukakutana Bugene, kwenye chumba cha nyuma cha duka la mwenyekiti wa kikundi chetu. Huyu ni mfanyabiashara wa vitambaa, babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake ni laini hata akikutukana unashukuru. Yeye harushi kwa kazi. Anarusha alasiri akishaswali na kufunga hesabu zake na Mungu, anatazama milima, anarudi dukani na roho nyeupe.

Wote walinitazama mimi nianze, wakijua nitaanza wapi. Nikasimama nikasema leseni iwepo, kwa kila mtu, na nikaitoa yangu mfukoni.

"Waitu, jamani!" akasema mwenzetu wa Nyakatuntu, mpiga video hodari na mbishi kunishinda. "Ndugu yangu, umelishwa nini? Sisi kule kwetu mpaka wa nchi uko pale. Tukisubiri vibali, bibi harusi atapata wajukuu kabla hatujarusha!"

Chumba kikaangua kicheko, na mimi nikacheka, maana alikuwa na hoja. Nikasema tuandike hilo: safari ni ndefu, mitihani isogezwe karibu, mtu asiache kazi yake miezi kwa ajili ya karatasi. Lakini leseni ibaki.

Mwenyekiti akajikohoza. "Mwanangu, kwa mwenye biashara nakubali. Ila mimi najistarehesha tu. Hivi na raha nayo ni ya kuombewa leseni?"

"Mzee wangu, kwa heshima zote. Raha yako ikipaa, inapita juu ya bafu la nani?"

Hakuna aliyecheka. Nikaona niendelee kabla moyo haujanisaliti. Nikawaambia leseni peke yake haitoshi, tuongeze la kwetu. Anayetaka kurusha juu ya vibanja vya watu apite kwa miguu siku moja kabla, nyumba kwa nyumba, apige hodi, aseme saa atakayopita. Na atakayekataa, asipitiwe.

Hapo palichafuka. Wa Nyakatuntu alisimama. "Akikataa?"

"Amekataa."

"Na harusi ya watu?"

"Harusi itaendelea. Wewe ndiye utakayezunguka."

"Yaani bibi mmoja tu anifanye nizunguke bonde zima?"

"Ndiyo. Bibi mmoja tu."

Akanikazia macho. Si mjinga yule. "Wewe kuna mtu ulimwona. Ulimwona nani?"

 Ningemtaja, au hata ningesema ni wa upande gani, ningekuwa nimemvua nguo mara ya pili, safari hii mbele ya wanaume kumi na kitu. Nisingejibu, hoja yangu ingeonekana ya kutunga. Nikasema niliona, ni mtu mzima, na kosa lilikuwa langu, wala sitaongeza neno hata mkinifukuza humu. 

Mwenyekiti akageukia wa Nyakatuntu, taratibu. "Bwana mkubwa, bafu la mama yako pale nyumbani lina paa?"

"Halina."

"Basi kaa."

Akakaa. Tukapiga kura kwa mikono. Leseni kwa wote ikapita, na mwenyekiti mwenyewe akainua mkono huku akiguna. Hodi ya siku moja kabla ikapita. Kile kifungu cha anayekataa kikakwama, tukabishana nacho mpaka chai ikapoa, na mwisho kiliandikwa kuwa ni maoni ya baadhi ya wajumbe. Huko mbele karatasi yetu itafanywa nini, sijui. Mimi sikukaa kuisubiri.

Baada ya hapo nikapata kazi Kanoni. Harusi ilikuwa kwa jirani kabisa wa mama mkwe wangu, na bwana harusi alitaka msafara upigwe kutoka juu, tangu kanisani mpaka nyumbani kwao, bila kukatika. Nikaitazama njia. Ilipita juu ya kibanja kile kile.

Siku moja kabla nilikwenda peke yangu, bila mke wangu wa kunisemea. Nikapita nyumba kwa nyumba. Wengi walisema pita tu, wengine walinicheka mtu mzima kuzunguka kuomba ruhusa ya angani, na mzee mmoja aliniomba nimpige picha na ng'ombe wake. Nyumba ya mama mkwe wangu niliiacha ya mwisho. Nikasimama kijia kinapoishia.

"Hodi."

Kimya. Kuku walikuwa wanachakura chini ya mibuni. Nikasema hodi ya pili, kimya, lakini beseni liligusa sakafu ndani nikajua yupo. Nikauambia ukuta:

"Shikamoo, mama. Ni mimi. Kesho saa nane mchana nimeombwa kurusha kile chombo kutoka kanisani mpaka kwa jirani. Njia inapita hapa juu. Nimekuja kukuuliza."

Nilisubiri sana. 

"Nikikataa?"

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa inakaribia miaka miwili sijaisikia.

"Hakitapita, mama."

"Na mwenye harusi atasemaje?"

"Atanigombeza."

"Na wewe?"

"Nitazunguka."

 Kisha akasema, bila ukali, kama mtu anayekataa kuongezewa chai:

"Basi nakataa."

"Nimesikia, mama. Ahsante."

Nikageuka. Nilikuwa nawaza njia ya kuzunguka bonde, betri ngapi zitatosha, na maneno nitakayomwambia bwana harusi. Nilikuwa nimeufikia mbuni wa mwisho kwenye kijia aliposema tena, safari hii kwa nguvu, ili nisikie.

"Unakwenda wapi? Umepiga hodi na hujajibiwa."

Nikasimama hapo hapo, macho chini. Na kutoka ndani ya nyumba akaniambia karibu, akaivuta mpaka mwisho.