Nafasi za Mgeni Kwenye Mkongo

Nimesema "imejaa" mara nyingi kuliko nilivyoitikia salamu. Kazi yangu ni kutunza kituo cha mkongo wa intaneti hapa Tarime, ule unaotoka mpakani Sirari kwenda Mwanza, na kuwagawia wateja nafasi ndani yake. Watu wanadhani mgawaji anafaidi. Mimi nimefaidi maumivu ya mgongo na simu za malalamiko, na nyumbani kwetu Iringa wananiuliza kila mwaka nitarudi lini, nami kila mwaka nawaambia mwakani.

Uzi mmoja wa kioo, mwembamba kama unywele, hubeba mwanga wa wateja wengi kwa pamoja. Mwanga huo tunaukata vipande. Mteja mdogo hupewa kimoja, mkubwa hupewa vitatu au vinne. Masharti ni mawili, na ndiyo yanayotutoa jasho: vipande vya mteja mmoja lazima vishikane, na lazima viwe vilevile tangu hapa hadi Mwanza. Huwezi kumpa kimoja huku na kingine kule ukamwambia ajumlishe mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini kibaba hicho hakiko kwenye mkongo.

Aliyenichosha kuliko wote alikuwa tabibu wa kituo cha afya kimoja upande wa Gorong'a, mwanamke wa Songea aliyeletwa huku na kazi kama nilivyoletwa mimi. Walikuwa wamepata mashine ya kupiga picha za tumbo la mjamzito, ila daktari bingwa wa kuzisoma yuko Mwanza. Ulikuwepo mpango wa kuziunganisha hospitali na vituo vya afya vya Tarime na Serengeti kwenye njia moja pana, ili bingwa aone picha mama akiwa bado kitandani. Njia hiyo ilihitaji vipande vinne vilivyoshikana. Bila hiyo, kila mama mwenye shaka alipandishwa bodaboda kuja mjini, na masika yakianza barabara ile huwa uji.

"Dada, wengine wanafika," aliniambia kwenye simu. "Wengine hawafiki."

Nikamjibu imejaa. Baada ya miezi akaomba tena, nikamjibu imejaa. Mara ya tatu alikuja mwenyewe, viatu vimejaa tope, nikamgeuzia kompyuta aone jedwali lilivyokuwa jekundu toka juu mpaka chini. Alilitazama, akaniomba maji ya kunywa, akaondoka. Sikuwa namdanganya. Niliamini ninachokisema, na nilikuwa nimechoka kuulizwa.

Hapa lazima nimtaje fundi niliyemkuta kituoni, mzee wa Kikurya kutoka Susuni, ambaye alinifundisha kazi yote kabla hajastaafu. Shikamoo yake niliitoa kwa moyo mweupe. Alikuwa na utaratibu wake: kila alipompa mteja nafasi, aliacha kipande kimoja kitupu kando yake, akakiandika "mgeni" kwenye jedwali. Kwake chungu hakikombwi chote, maana mtu anaweza kutokea njiani na njaa yake.

"Na wewe binti yangu, usimpe mtu mpaka ukutani," aliniambia. "Kesho atatokea bwana mkubwa na barua yake. Utamweka wapi, kichwani?"

Na kweli, mara mojamoja bwana mkubwa alitokea na barua ya kutaka kipande kimoja, akawekwa kwenye kipande cha mgeni, mzee akatembea siku nzima akitabasamu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alipostaafu niliuendeleza utaratibu ule kwa bidii ya mwanafunzi anayetaka kusifiwa na mwalimu asiyekuwepo. Kompyuta nayo haijui adabu za watu. Ilimhesabu mgeni kuwa mteja kama wengine, ikampaka nyekundu, rangi ya nafasi iliyochukuliwa.

Siku moja nilikwenda Gorong'a kukagua mnara, malaria ikanipanda, nikajikokota hadi kwenye kile kituo cha afya. Nje palikuwa na benchi refu. Wamekaa wazee wanne kwa heshima zao, kila mmoja kaacha nafasi ndogo kati yake na mwenzake, na mama mmoja mwenye mimba kubwa amesimama ameshika ukuta. Muuguzi akatoka akasema, "Wazee wangu, hebu sogeeni." Wakasogea. Hakuinuka hata mmoja, na yule mama akapata pa kukaa, mimi pembeni yake.

Nilikaa pale na homa yangu nikahesabu wageni wa kwenye jedwali kwa vidole. Nikarudia. Nilipopata nafuu nilirudi kituoni nikahesabu tena kwenye kompyuta, na jibu halikubadilika. Vipande vitupu vilikuwepo vya kutosha njia ya hospitali na vingine kubaki. Vilikuwa vimetawanyika tu, kimoja kimoja, kila kimoja kimekaa katikati ya wateja wawili bila faida kwa yeyote. Nusu ya hivyo niliviacha mimi kwa mkono wangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Mficha uchi hazai. Nikampigia msimamizi wangu wa Mwanza nikamweleza. Akasema kuwasogeza wateja inawezekana, ila kila anayesogezwa atazimika dakika chache, na lazima aridhie kwa maandishi. Tukaandika barua. Benki moja ikajibu haiwezekani. Mgodi haukujibu kabisa. Hoteli moja ya kitalii kule Serengeti ikasema msimu wa nyumbu si wakati wa kuchezea mtandao. Nyumbu walipoondoka tukawaandikia tena, wakajibu kwamba sasa wanajiandaa na msimu wa nyumbu. Tabibu hakunipigia tena miezi hiyo yote, na ukimya wake ulinisumbua kuliko simu zake.

Ndipo asubuhi moja greda lililokuwa likichimba mfereji wa barabara, kabla hujafika daraja la mto Mara, likaukata mkongo. Wilaya nzima ikazimika. Mwenye duka jirani na kituo alikuja mbio.

"Mama, netiweki mmepeleka wapi? Hata simu haitoki, mama!"

Mafundi wa kuunganisha nyuzi walikwenda kwenye mfereji, nami nikabaki kituoni, kazi yangu ikiwa ni kusubiri. Nikaitazama ile skrini iliyokufa. Wateja wote wamezimika tayari. Wa kumwomba ruhusa ni nani? Nikampigia msimamizi kwa simu ya setilaiti ya dharura, nikamwambia tuwasogeze sasa hivi, yeye huko, mimi huku.

"Fanya," alisema. Naye alikuwa amechoka na zile barua. "Lakini wakirudi hewani wasijue kama walihama."

Tulifanya kazi hiyo mpaka alasiri bila kula. Mteja mmoja baada ya mwingine, nafuta, naandika, nampigia msimamizi, anathibitisha. Mafundi walipomaliza kuunganisha nyuzi, benki ikawaka, mgodi ukawaka, hoteli ikawaka, wala hakuna aliyegundua kwamba amesogezwa. Na pale mwisho wa safu, kwa mara ya kwanza, vilikaa vipande vinne vimeshikana, kijani kitupu. Nilipaswa kufurahi. Nililaza kichwa mezani.

Wiki chache baadaye njia ya hospitali ilifunguliwa, nikaenda Gorong'a kuijaribu. Mama wa kwanza alilala kitandani, tabibu akampitishia kifaa tumboni, na bingwa wa Mwanza akaongea kana kwamba yuko mlangoni: mtoto amekaa vibaya, mama apelekwe hospitali leo, angali na nguvu zake. Gari likaitwa palepale. Tabibu alivua glavu akanigeukia, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona meno yake.

"Dada, hongera. Kumbe mmeletewa mkongo mpya?"

"Hapana. Ni uleule."

"Sasa nafasi imetoka wapi?"

Ningeweza kumpa maneno ya kitaalamu akaondoka ameridhika. Nilijisikia mzito mno kwa hilo.

"Ilikuwepo," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoomba mara ya kwanza."

Hakunigombeza. Alivuta daftari lake la wajawazito, akalifungua, akarudi nyuma kurasa nyingi hadi mwezi wa ombi lake la kwanza, akaanza kusoma majina kimyakimya, kidole kikishuka taratibu na kusimama hapa na pale. Nilisubiri nimesimama mpaka alipomaliza.