Mwongo Wewe, Babu

Mimi nilianza na mbuzi mmoja, leo nina mazizi mawili, na hakuna kitu cha kunishtua. Lakini juzi mnadani nilisikia mjukuu akimtania babu yake, nikaondoka bila kununua kitu.

Enzi za Mjerumani babu yangu alishtakiwa kwa kumuua mchukuzi wa chumvi. Siku ya kesi, nikiwa mtoto, nilikaa kati ya watazamaji; bomani Mpwapwa palinuka vumbi na jasho.

"Huyo ana macho ya kuua?" aliuliza mama mmoja.

"Mbona anajikuna, kama ni mkweli?" akajibiwa.

Babu akaapa kuwa hakuua. Nilidhani ni hadithi zake za kila siku, nikamtania kama tulivyozoea: "Mwongo wewe, babu!"

Babu peke yake ndiye aliyecheka. Mkalimani, mtu wa pwani asiyejua utani wetu wa babu na mjukuu, akamtafsiria hakimu Mjerumani maneno yangu kama ushahidi.

Walimnyonga. Nikabaki sina wa kumtania. Wiki hii nimekwenda kutambikia kaburi lake. Tambiko limenigharimu ng'ombe wawili na shilingi thelathini na saba.