Panya Hawanywi Chai

Niliondoka Morogoro Ijumaa alfajiri kwa sababu mama alinipigia simu kusema ameacha dawa. Tezi yake ya shingo imelala, na kidonge anachomeza kila siku ndicho kinachofanya kazi badala yake. "Kimeshindwa," alisema, akakata simu. Mimi kazi yangu ni tezi hiyohiyo, ila ya panya. Maabara yetu inafuga panya walioondolewa jeni moja, hivyo wanakosa protini inayoiwezesha tezi kutengeneza homoni. Wanazubaa, wananenepa, wanatetemeka kwa baridi, kama mama tu.

Dodoma basi lilisimama tukala chipsi. Jirani yangu wa kiti aliniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia nalea panya, alihamishia mfuko wake wa mchele upande wa pili.

Bonga, Babati ikiwa karibu kabisa, nilianza kuogopa. Mtu wa hali ile akiacha kidonge anaweza kufa polepole, na mama yangu ni mbishi.

Mutuka, kijijini kwetu, nilishuka kwenye bodaboda nikamkuta ameketi juani, amevaa sweta mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Agnesi. Panya hawajambo?"

"Hawajambo. Tukiwapa dawa kama yako wanachangamka."

"Mimi hainifai, panya inamfaa? Mnawapaje?"

"Asubuhi, kabla hawajala chochote."

"Bila chai?"

"Panya hawanywi chai, mama."

"Sasa dawa kali hivyo unaimezaje na tumbo tupu? Si utaanguka!"

Kwetu dawa yoyote hutanguliwa na chakula. Kumbe kila asubuhi alimeza kidonge chake na chai nzito ya maziwa, na maziwa hukizuia kidonge kisiingie mwilini. Nilitaka kucheka, nikalia.

Kesho yake alikimeza kwa maji, nikamwambia asubiri saa nzima kabla ya chai. Akakaa akilitazama birika la chai, mkono mmoja ameshika ukuta asianguke. Hakuanguka.

Jumapili nilirudi Morogoro. Tangu safari hiyo, mtu wa kwetu akiniambia dawa imeshindwa, kwanza namuuliza alikunywa nini asubuhi.

Wiki kadhaa baadaye mama alipiga simu akiwa shambani, anapalilia maharage.

"Agnesi, nimevua sweta. Zote mbili."

Nilicheka kwa furaha.

"Ila hiyo saa ya kusubiri chai," akaendelea, "hao panya wenu wanaivumiliaje?"