Ukikuta Kioo, Kata Kushoto

Dada wa meza ya maelezo, katika jengo jipya la abiria, huelekeza watu kwa mkono mzima, kama anayefukuza kuku, kisha huurudisha polepole na kujikuna shingo. Nilimuuliza mlango wa ndege yangu. "Nenda moja kwa moja, kaka, ukikuta kioo kata kushoto." Kuta zote humu ni vioo. Nikapanda ngazi za umeme, nikashuka, nikajikuta tena mbele yake. Hakushangaa. "Pole," akasema, akanielekeza upande mwingine kwa upole uleule. Mara ya tatu nilimkuta katikati ya ukumbi, mkoba begani, viatu vya kazi mkononi, zamu imekwisha. Akanishika mkono. "Kaka, hivi wewe uliingilia wapi? Na mimi nataka kwenda nyumbani."