Nilikuwa Nagonga Nitolewe

Mara yangu ya kwanza kuipigia bendi ngoma, nilikuwa nakufa kwa baridi.

Sitanii. Kaeni vizuri niwape mkasa.

Nilikuwa mkata nyama. Nyuma ya bucha yetu kulikuwa na chumba cha baridi, kuta zake bati zito, na kitasa cha ndani kilishavunjika. Bosi kila siku, "Kesho fundi anakuja." Kwa hiyo tukiingia tunauzuia mlango kwa kreti.

Upande wa pili wa ukuta ilikuwa stoo. Humo walipanga wendawazimu wawili. Msusi, dada mwenye sauti ya kukwaruza, na Fundi Redio, aliyepitisha gitaa lake kwenye spika mbovu kwa makusudi.

Eti roki. Tena ile roki ya pembeni, ambayo hata redio haiitaki. Kampuni ya kuwarekodi hawana, mpiga ngoma hawana.

Wakianza tu, mimi nagonga ukuta kwa kitako cha shoka: nyamazeni! Wao wanaongeza sauti. Huo ndio ulikuwa ujirani wetu.

Jumapili moja mchana, bosi alikuta kreti mlangoni, akaitoa. Akafunga bucha, akaenda zake. Mimi niko ndani, nyuma ya mapaja ya ng'ombe. Simu iko kaunta.

Nikasukuma mlango. Wapi!

Nikashika shoka, nikaugonga ukuta kwa nguvu zangu zote.

"Jirani leo kaamka vibaya!" nikamsikia Msusi akicheka. Wakaongeza sauti.

Nilipiga mayowe, gitaa likayameza. Vidole vilipoanza kufa ganzi, nikawa nagonga taratibu, kwa mpangilio, ili nisisinzie.

Jamani, wakanifuata! Gitaa likawa linaingia pale pale ninapogonga. Kadiri nilivyoomba uhai, ndivyo wimbo ulivyonoga.

Nililia kama mtoto. Mwishowe mkono ukagoma, shoka likaanguka.

Na wao wakanyamaza.

Nikasikia kufuli la bucha likivunjwa. Mlango ukafunguka, Fundi Redio akaingia anafoka, "Mbona umeacha? Tulikuwa tunarekodi!" Aliponiona nilivyo, akavua koti.

Msusi alikuwa anatetemeka kuliko mimi. "Hujawahi kunyamaza kabla yetu, kaka. Nikajua kuna jambo."

Rekodi ile tuliisambaza wenyewe, simu kwa simu. Ikashika moto, usipime! Nikaacha bucha, nikawa mpiga ngoma.

Ila watu hawakutaka ngoma. Walitaka ukuta.

Tukatengeneza boksi la bati. Kila jukwaa nafungiwa humo, nagonga, watu wanapagawa. Nilidai kitu kimoja tu: kitasa cha ndani. Nikakifunga kwa mikono yangu.

Hata hivyo, kila mlango ulipofungwa, ile baridi ilinirudia. Nilikuwa natapika kabla ya shoo.

"Mdogo wangu, nitoeni humu," nilimwambia Msusi. "Nipeni ngoma za kawaida nikae nje kama watu."

"Vumilia kaka. Watu wanafuata boksi."

"Siku moja nitanyamaza."

"Ukinyamaza nitakuja. Si unanijua?"

Nikamwamini.

Siku ya shoo yetu kubwa, uwanja umefurika, jua kali, katikati ya wimbo nikaweka shoka chini. Nikasubiri mlango.

Kimya kidogo. Halafu nikasikia pigo la kwanza, kutoka nje. Kisha uwanja mzima, kwa miguu na viganja, mapigo yangu yale yale, hakuna lililokosewa.

Msusi akaendelea kuimba, huku anacheka kwa furaha.

Hakuna aliyekuja.

Nilikaa gizani nikisikiliza watu wakikipiga kilio changu vizuri kuliko mimi. Iliniuma, sitaki kudanganya.

Ndipo nikakikumbuka kitasa. Shoo zote zile sikuwahi kukigusa. Kazi yangu ilikuwa kungoja kufunguliwa.

Nikakishika, nikasukuma. Mlango ukafunguka kirahisi mno, nikaona hata aibu.

Nikashuka ngazi za nyuma, nikasimama juani. Wimbo bado unaendelea. Mpaka leo unaendelea.

Ndugu zangu, kilio chako kikishageuka burudani ya watu, usiwangoje waje wakufungulie. Papasa mlangoni. Huenda kitasa unacho ndani.