Vioo vya Lori la Papa

Papa aliendesha lori la mizigo kati ya Goma na Rutshuru tangu kabla sijazaliwa, na kwa miaka yote hiyo sikumbuki akikaa nyumbani siku tatu mfululizo. Kisha waasi wakaifunga barabara. Mwenye lori akaliegesha, akachukua ufunguo, na papa akabaki nasi mtaani Ndosho, akiikagua nyumba kana kwamba ametumwa na serikali. Mlango unalia, maharagwe hayajaiva, ndoo imewekwa njiani. Mama alivumilia wiki mbili. Ya tatu akaniita jikoni.

"Fanya juu chini huyu mutu apate kazi," aliniambia, "ao mimi njo nitatoka."

Kazi pekee niliyokuwa nayo mimi ilikuwa michezo. Nilikuwa na kompyuta kuukuu, ileile niliyoifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga siku mlima ulipotema moto, tukakimbilia Sake huku mama akinifokea kwa kuacha mablanketi. Nilicheza michezo ya video, nikairekodi, nikaipigia domo kwa Kiswahili chetu, kisha nikawapa watu wa mtaani waitazame kwenye simu zao. Mmoja wa michezo hiyo ulikuwa wa kuendesha malori. Nikamketisha papa mbele ya skrini na kumpa manette, kile kidude cha vitufe kinachoshikwa kwa mikono miwili.

Kwanza alivua viatu. Alisema hajawahi kuendesha na viatu na hataanza leo. Siku hiyo aligonga ukuta, nguzo, na ng'ombe mmoja ambaye hata sikujua yumo. Baada ya wiki alikuwa akirudi nyuma na trela refu kati ya makontena mawili bila kuyagusa, akipiga mluzi. Mimi ninayejigamba kwa kucheza tangu utotoni sikuweza hata nusu yake, na niliona wivu, nisiseme uongo.

Shida ilikuwa wenzake. Madereva waliokosa kazi walikutana kila mchana pale parking, kando ya malori yaliyolala, na walianza kumwita muzee wa kumenya viazi, kwa kuwa siku hizi alishinda nyumbani. Alicheka nao, lakini akirudi nyumbani hakumaliza chakula. Siku moja akaniambia nimrekodi akipanda mlima na mzigo, tuwapelekee waone kwamba kazi bado iko mikononi mwake.

Nikarekodi. Tulipoitazama video nilitamani kujificha. Lori lilisimama, likaruka mbele, likasimama tena, likakata kona kwa mishtuko kama gari la mtu anayejifunza.

"Futa," alisema papa. "Bachauffeur bakiona hii, batasema nilisahau embrayage."

Nilimweleza kwamba kosa si lake wala la klachi. Nikicheza tu, kompyuta inachora picha sitini kwa sekunde na lori linateleza vizuri. Nikirekodi, inapaswa kuchora na kuandika kwa wakati mmoja, inazidiwa, na picha nyingine inaziruka. Papa aliweka kiganja juu ya kompyuta, kama alivyogusa injini ya lori lake kila akifika juu ya mlima.

"Mama," aliniambia, kwa kuwa mimi bintiye huniita hivyo, "hii moteur iko inachemka. Umepakia mingi. Iko inabeba nini?"

Nikamtajia mzigo. Kuna vivuli vya miti, majani ya kando ya barabara, matone ya mvua, na vioo vya pembeni vya kutazamia nyuma. Vioo ndivyo vizito kuliko vyote, kwa sababu kila kioo kinachora barabara nzima upya.

"Kivuli, toa. Majani, toa. Mvua, toa."

"Na vioo, papa. Tukivitoa tu, tumemaliza."

Aliniangalia kana kwamba nimemtukana.

"Vioo usiguse! Dereva bila vioo ni muuaji."

Tulibishana hadi mama akaja kuuliza nani kafa. Nilimwambia papa hivyo si vioo vya kweli, nyuma yake hakuna pikipiki wala mtoto. Akasema asipotazama nyuma wenzake watajua. Nilikasirika, nikafunga programu zote zilizokuwa wazi, nikatoa vivuli, majani na mvua, na bado lori likarukaruka.

"Iko inakimbia images ngapi?" aliuliza.

"Soixante."

"Na mlima, na mzigo? Weka trente. Nani alikuambia tuna haraka?"

Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania sitini kwa majivuno tu, kwa sababu wenye mashine kubwa wanarekodi sitini. Nikaubana mchezo usizidi picha thelathini, nikaweka thelathini pia kwenye kurekodi, vioo vikabaki. Papa akapanda mlima. Tulipoirudisha video, lori lilipita kona zote taratibu, bila kuruka hata mara moja, na kwenye kioo cha kushoto trela lilionekana likifuata. Nilimkumbatia papa na kupiga vigelegele.

Mchana uliofuata tuliiweka kompyuta juu ya boneti ya lori moja pale parking. Madereva wakasongamana. Mwanzoni walitania, kisha wakaanza kumkosoa: hapo umechelewa kubadilisha gia, hapo ungepiga honi. Papa alijibu kila mmoja, kifua mbele. Hakuna aliyetaja viazi. Kidogokidogo wakaacha kukosoa, wakawa wanatazama tu barabara ikipita.

"Muzee," mmoja aliuliza mwishowe, "hii njia ni ya wapi?"

"Sijue," alisema papa. "Lakini iko wazi."

Hakuna aliyecheka. Wakaniomba niirudishe tangu mwanzo.