Fifi Ngeleka na Pikapu Iliyotetemeka

Mtaani Kapata, kwenye safu za nyumba za zamani za kampuni ya machimbo, watu wanamwogopa Fifi Ngeleka kuliko wanavyowaogopa wanaume wengi. Aliwahi kumkuta mtu akinyonya mafuta kwenye tangi la gari lake, akamng'ata sikio, na hakuliachia mpaka majirani walipokuja kumbandua. Hakuzaliwa hivyo. Alikuwa muuza unga mpole, hadi shimo la machimbo lilipomfukia mume wake, Muamba. Muamba alimwachia pikapu nyeupe iliyochakaa. Fifi akajifunza kuiendesha, akawa anaenda Sandoa kuchukua mahindi na mihogo, anarudi kuuza mtaa wa Manika.

Dady, mdogo wake Muamba, hakukubali. Kwake yeye gari la marehemu lilikuwa la ukoo. Alikuja kulidai mara ya kwanza matanga hayajaisha.

Mvua zilipokwisha, gari likaanza kutetemeka. Likienda polepole, halina neno. Likishika kasi kwenye lami, sakafu inanguruma, kioo cha nyuma hakionyeshi kitu, meno ya dereva yanagongana. Fifi akanunua matairi mengine. Mafundi wa Manika wakasawazisha magurudumu, kisha wakabadilisha amotisere, vile vifyonza mshtuko, za mbele na za nyuma. Gari likatetemeka vilevile, na kila safari likazidi.

Mwishowe akalipeleka kwa Tata Kisimba, fundi mzee mwenye gereji ya mabati ukingoni mwa Kapata. Kisimba hakufungua chochote. Alipanda pamoja naye wakatoka hadi kwenye mteremko.

"Sasa tosha gia," akasema. "Acha itembee yenyewe."

Fifi akatoa gia. Injini ikatulia, gari likateleza, na mtetemo ukabaki palepale.

"Basi, haiko moteri, mama. Ni kitu kinazunguka pamoja na magurudumu. Inabakia kardani."

Kardani ni ule mhimili mrefu unaopita chini ya tumbo la gari na kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Wa pikapu hii ulikuwa wa vipande viwili. Kisimba aliingia kwenye shimo la gereji na taa, akakaa humo, kisha akamwita Fifi ashuke aone.

"Mutu alifungulaka hii zamani, akairudisha bila kuangalia alama. Kipande cha mbele kinaangalia huku, cha nyuma kinaangalia kule. Kila kimoja kinavuta upande yake. Pole pole mupira ya katikati yenye ilikuwa inaishikilia imepasuka yote, ndiyo sasa inatetemeka."

Fifi alitukana, kisha akacheka kwa sauti. Baada ya matairi yote yale! Kisimba akaweka mpira mpya, akageuza vipande vikaelekeana, akaingiza buloni, yaani bolti za kuviunga, kwa vidole tu ili ajaribu kwanza kama vimenyooka.

Fifi alikuwa amekwisha kupanda juu Dady alipoingia uani na rafiki zake wawili. Dady alikuwa ameshika panga.

"Fifi, motokari ya yaya wangu Muamba inarudia ku famiye leo."

"Pita juu ya maiti yangu," Fifi akasema, akaokota spana ya magurudumu.

Rafiki mmoja akamrukia. Fifi alimpiga mkononi, mfupa ukalia kama kuni kavu. Wa pili akamshika nywele kwa nyuma, akamwangusha chali kwenye mafuta machafu, na Dady akamkanyaga mdomoni. Kisimba alipopanda kutoka shimoni kumtetea, panga likamshukia begani. Akaanguka amekaa, damu ikimtoka kati ya vidole.

Dady akaruka kwenye usukani. Funguo zilikuwa humo.

"Dady, buloni hazijakazwa!" Kisimba akapiga kelele. "Kardani itaanguka! Utakufa!"

"Uongo yako hiyo, muzee!"

Gari likatoka kwa kishindo, likagonga nguzo ya lango, likashika barabara. Rafiki zake wakakimbia njia nyingine. Fifi akatema jino, akamfunga Kisimba bega kwa kitenge chake, akampigia kelele jirani amkimbize hospitali. Kisha akasimamisha mwendesha taksi-moto, pikipiki ya abiria, na kumwambia afuate vumbi.

Hawakwenda mbali. Dady alikuwa amekanyaga mafuta kwenye mteremko. Buloni zikatoka, ncha ya mbele ya kardani ikaanguka, ikachoma lami, na gari zima likainuka na kupinduka juu chini. Fifi alimkuta amebanwa ndani, mguu umepondwa chini ya usukani, petroli inatiririka kwenye paa. Watu walikuwa wamekwisha kujaa. Mtu alikuwa amewaambia kwamba Dady ni mwizi wa gari. Mawe yalikuwa tayari mikononi, na mmoja alikuwa anatafuta kiberiti.

Fifi bado alikuwa na ile spana.

"Shemeji," Dady akasema, "usiniue."

Fifi alitaka kumwua. Baadaye hakumficha mtu jambo hilo. Alinyanyua spana, watu wakashangilia, akaishusha kwenye kioo cha mbele. Akapiga mpaka kikaisha chote, akaingia kwa tumbo, akamvuta Dady kwa kola, naye Dady analia kwa maumivu. Mtu mmoja alipompiga Dady jiwe mgongoni, Fifi akageuka akamvunja pua.

"Huyu ni mutu ya kwetu!" akapiga kelele. "Anayemugusa, mi namumaliza!"

Wakarudi nyuma.

Madaktari walimkata Dady mguu chini ya goti. Mama mkwe alimkuta Fifi kwenye korido ya hospitali, akamtemea mate usoni, akasema amemlemaza mwanawe kwa ujanja wa buloni. Fifi alijifuta. Kisha akaenda kumtafuta Kisimba wodini.

Kisimba alipona, ila mkono wake wa kulia haufiki tena juu ya kichwa. Aliijenga pikapu upya kwa kabini iliyotolewa kwenye gari bovu, yenye rangi ya kijani, na kardani iliyonyooka. Siku ya kujaribu, Fifi alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari likanyamaza kimya, likaenda kama maji.

"Inaenda muzuri?" Kisimba akauliza.

"Muzuri," Fifi akasema.

Walipofika pale Dady alipopinduka, akaegesha pembeni, akashuka, akatapika kwenye nyasi. Kisimba akamsubiri ndani ya gari, akitazama mbele.